Uongo wa Komeo kwa Kihispania

1 Februari

Leo nimeanza kazi, uzee huu, na kazi yenyewe ni kusimama. Nasimama kando ya kocha mpya wa timu. Yeye anasema Kihispania, mimi nageuza Kiswahili. Wachezaji wakijibu, namrudishia. Klabu ilimleta mtu kwanza, lugha ikaikumbuka baadaye. Kiswahili chake chote ni maneno mawili, “maji” na “haraka”, na yote mawili anayasema kwa sauti ya kuzima moto. Ndipo mwenyekiti akakumbuka kwamba shangazi yake kipa aliwapikia masista wa hospitali miaka mingi, na masista wale jikoni hawakuwa na lugha nyingine ila Kihispania.

Kipa huyo ni mtoto wa marehemu kaka yangu. Nimemlea tangu ana miaka sita. Uwanjani wanamwita Komeo, maana akishajifunga golini hapiti mtu. Kwa ajili yake timu nzima inaniita Shangazi, hata wale wenye ndevu.

Mume wangu, fundi redio, ameipokea habari kwa utulivu. Amesema miaka yote hii namsema yeye bure, sasa kuna watu watanilipa niwaseme.

3 Februari

Kocha amewakusanya wachezaji kwenye chumba cha kubadilishia nguo. Bati linavuja pembeni, ndoo iko chini yake, na harufu ya dawa ya kuchua inakutoa machozi kabla hujaambiwa lolote la kuliza. Amesema kufungwa anasamehe, kuchelewa anasamehe, uvivu atautibu. Atakayemdanganya ataondoka. Neno alilotumia ni mentira. Hilo nalijua sana, masista walikuwa nalo kila siku ya kuungama. Nikageuza: mwongo anaondoka. Wakaitikia kwa pamoja kama watoto wa shule. Nikacheka moyoni. Kumwambia mchezaji wa mpira asidanganye ni kumwambia mpishi asionje.

Kocha mwenyewe sijampenda. Ana uso wa mtu aliyeletewa chai ya baridi.

8 Februari

Leo nimemponza mtoto wa watu.

Winga wetu, wanayemwita Cheche kwa mbio zake, alifika mazoezi yamekwisha nusu. Akaniambia nimwambie kocha kwamba bibi yake amefariki. Bibi huyo ameshafariki mara tatu tangu Cheche ajiunge na timu, na Jumapili iliyopita nilimwona sokoni akichagua nyanya. Nikageuza kama nilivyoambiwa. Kocha hakumtazama Cheche, alinitazama mimi. Akauliza: kweli au mentira?

Mimi nikasema mentira. Sikuwa na neno jingine. Kihispania changu ni cha jikoni kwa masista: nina jina la kila sufuria na jina la kila dhambi, katikati hapo sina kitu. Kwa Kiswahili ningesema kijana amepitiwa na usingizi anatafuta pa kujificha, ningesema anapiga porojo, ningesema visingizio tu, Kocha, mpe mbio zake yaishe. Lakini kwake nilikuwa na neno moja, nalo lilikuwa shoka. Cheche akaambiwa akusanye viatu vyake.

Aliponipita mlangoni akasema “Shikamoo, Shangazi,” vilevile kama siku zote. Heri angenitukana.

9 Februari

Mume wangu anasema mkalimani si hakimu. Nimemwambia aende akamwambie Cheche.

11 Februari

Nimekwenda kumwona sista wa stoo. Amestaafu, anaishi chumba cha nyuma ya hospitali, masikio mazito lakini ulimi haujazeeka. Nikamweleza shida yangu: nataka uongo mdogo mdogo wa Kihispania. Alicheka mpaka miwani ikamwanguka mapajani. Akasema, binti yangu, ulikuwa unatusikia siku za kuungama tu, ungetusikia siku za kugawana sukari.

Akanimiminia. Mentirijilla, uongo mdogo wa kitoto usiomdhuru mtu. Cuento, hadithi ya kutunga ili mradi siku iishe. Embuste, uongo uliopikwa ukaiva, wenye viungo. Engaño, pale mtu anapokutega makusudi uanguke. Na mentira piadosa, uongo wa huruma, ambao yeye amewaambia wagonjwa maisha yake yote na hajawahi kuutubu. Tulikaa hadi chai ikapoa. Kila neno nilimpa mfano wa mtu ninayemjua, naye ananisahihisha: huyo si embuste, huyo ni cuento tu, mwonee huruma.

12 Februari

Nimemfuata kocha ofisini. Ofisi hiyo ilikuwa stoo ya rangi, na bado inanuka rangi. Nikamwambia nilikosea. Nilikupa neno kubwa kwa kosa dogo, alichosema yule kijana ni mentirijilla. Nikamtajia na maneno mengine. Kisha akauliza yale mengine nimeyatoa wapi, nikamwambia kwa sista wa sukari. Kwa mara ya kwanza nikaona meno yake.

Tumekubaliana hivi. Mwenye mentirijilla anakimbia kuzunguka uwanja. Mwenye cuento anafua vizibao vya mazoezi. Mwenye embuste anakosa mechi. Mentira imebaki palepale, mtu anaondoka. Na neno nachagua mimi: yeye ataniuliza tu, hili linaitwaje?

Cheche amerudi, amezunguka uwanja huku anaimba.

15 Februari

Tumeshinda. Komeo hakupitisha kitu.

19 Februari

Mvua. Beki wa kushoto kachelewa, anasema barabara imejaa maji. Nikamwonyesha kocha viatu vyangu. Hakuna haja ya neno.

22 Februari

Kiungo wetu, aliyenenepa mashavu wakati wa mapumziko, anasema ni maji tu mwilini. Cuento. Amefua vizibao ishirini, na kwa kweli vimetakata kuliko alivyokuwa anavifua mtunza vifaa.

26 Februari

Nimeanza kuogopwa, na zaidi ya kuogopwa, kutunzwa. Naletewa kiti. Naletewa mwavuli. Leo nimekuta mfuko wa karanga juu ya kiti, hauna mwenyewe. Mkono mtupu haulambwi, najua, lakini karanga nimezichukua. Mume wangu amekula nusu na kusema rushwa hii imekaangwa vizuri.

2 Machi

Jumapili Komeo hula kwetu. Leo alinyanyua kikombe kwa mkono wa kushoto. Alipotaka chumvi iliyokuwa kuliani kwake, aligeuka mwili mzima kuifuata, kama mtu mwenye jipu. Nikamwuliza bega lina nini.

“Halina kitu, Shangazi. Nimelilalia vibaya tu, Shangazi.”

Watoto wengine wakidanganya huinamisha macho. Wangu mimi hukutazama usoni moja kwa moja, wala hapepesi, na hukuita Shangazi mara mbili kwa pumzi moja. Ndivyo alivyokuwa tangu siku alipovunja kioo cha jirani. Yeye mwenyewe hajui, na sijawahi kumwambia. Mzazi lazima awe na akiba.

8 Machi

Kocha amemwuliza Komeo bega vipi. Kumbe naye ameona. Komeo akamkazia macho: “Mwambie liko sawa, Shangazi. Zima kabisa, Shangazi.”

Nikageuza: anasema liko sawa. Sikuongeza, sikupunguza. Anasema. Kila neno lililotoka mdomoni mwangu lilikuwa la kweli, na nimerudi nyumbani nikijisikia nimeiba.

15 Machi

Tumeshinda tena. Watu wameanza kutaja ligi kuu. Timu mbili za juu zitapanda, sisi ni wa pili. Komeo ameingoja ligi kuu tangu ana nywele nyingi. Umri wake huu, mlango huo hautamfungukia mara nyingine.

29 Machi

Mvua haina adabu. Tumefungwa, krosi ya juu upande wa kulia. Mkono wa Komeo ulifika nusu ukarudi. Akasema mpira ulikuwa unateleza. Wenzake wakasema kweli, unateleza. Nikageuza kwamba unateleza. Ulikuwa unateleza.

5 Aprili

Tena upande wa kulia.

12 Aprili

Mazoezi yamevunjwa na radi. Nilibaki na kocha ofisini kusubiri, yeye akachemsha chai. Anaweka sukari vijiko vinne, mtu mwenye sura ile. Nikamwuliza kilichomfanya auchukie uongo hivyo, nikitegemea hotuba.

Akanisimulia habari ya beki mmoja wa timu aliyowahi kuifundisha huko kwao. Alimwambia goti lake zima. Kocha akamwamini, kwa sababu alikuwa anamhitaji. Yule beki leo anashuka ngazi kwa kukaa, kipandio kimoja kimoja, mbele ya watoto wake. Akanifutia kiti kingine, maana changu kilikuwa kinadondokewa, nikahamia.

Nimekuwa nikidhani ana kiburi, kwamba hapendi kuchezewa akili. Kumbe mwenzangu anaogopa. Namwonea huruma, na sasa najionea huruma na mimi, maana nilikuwa nimejificha nyuma ya neno “anasema”, na leo nimetolewa nje.

13 Aprili

Baada ya chakula nilimfungia Komeo jikoni, mimi na yeye. Nikamwambia avue shati. Bega limevimba kwa nyuma, na nilipoligusa alishika meza. Lilitoka mahali pake mwezi wa pili, kwenye mechi, akalirudisha mwenyewe na kuendelea kudaka.

Nikamwambia mficha maradhi kifo humuumbua.

“Sasa usiniumbue wewe,” akasema. “Mechi zimebaki chache. Tukipanda, nitalala hospitali hata mwezi.”

Nikamwambia nikiulizwa nitasema. Akatabasamu, tabasamu la baba yake lililomtorosha kwenye viboko vingi. Akasema kocha hakuulizi wewe, ananiuliza mimi, wewe unageuza tu. Nimemfunga kitambaa chenye maji ya moto, na nimejichukia kwa jinsi nilivyokuwa nakifunga vizuri.

26 Aprili

Sare. Bado wa pili.

3 Mei

Tumeshinda kwa bao la Cheche. Bibi yake alikuwepo, mzima wa afya, anapiga vigelegele. Kocha akaniuliza yule mama ni nani. Nikamwambia ni marehemu. Alicheka mpaka akakaa chini kwenye tope.

Kocha huyu nampenda. Nimeandika, na liandikwe.

10 Mei

Nitaandika yote, hata kama chakula kitaungua.

Mechi ya leo ilikuwa ya kabla ya mwisho, nyumbani kwetu. Mvua ilikuwa inalipiga bati mpaka kocha analazimika kupaza sauti, na mimi nampokea kwa sauti. Amewapanga wote, jezi zimeshavaliwa, ndoo ya pembeni imejaa na hakuna aliyeimwaga. Alipomaliza akachukua mpira, akamrushia Komeo kwa mbali, juu, upande wa kulia. Komeo aliudaka kwa mikono miwili. Uso haukubadilika, lakini nilimwona akisimama kwenye ncha za vidole kuupunguzia mkono safari.

Kocha akaniambia nimwulize kama linauma. Nikauliza.

Komeo akanikazia macho. “Haliumi, Shangazi. Mwambie haliumi kabisa, Shangazi.”

Nikafungua mdomo kusema “anasema”. Kocha akanizuia kwa mkono. Hakuniuliza amesema nini. Aliniuliza swali letu la kila siku, lile la mashavu ya kiungo, ila leo aliliuliza polepole.

“Hili linaitwaje, señora?”

Wachezaji wote waligeuka kunitazama. Hawajui Kihispania, lakini swali hilo walishalijua kwa sauti yake. Maneno yote ya sista yakanijia, tena kwa mpangilio, kama vikombe kwenye rafu. Ningesema mentirijilla, Komeo angezunguka uwanja baada ya mechi na wote tungecheka. Ningesema mentira piadosa, na ingekuwa nusu kweli, maana alikuwa anatuhurumia, timu nzima na mimi na ndoto yake. Nilikuwa na neno la kumwokoa la kila kipimo. Nikamtazama mtoto wa kaka yangu, mrefu kuliko mlango, nikaona mtu anashuka ngazi kwa kukaa.

“Mentira,” nikasema.

Mara ya kwanza nililisema hilo kwa kuwa sikuwa na jingine. Leo nilikuwa nayo yote.

Kisha nikaongeza kwamba na mimi pia, tangu Machi, na hilo nikalisema kwa Kihispania na kwa Kiswahili ili asibaki mtu hajasikia. Kanuni ni kanuni, mwongo anaondoka. Nikachukua mkoba wangu na mwavuli. Komeo alinitazama kama mtu aliyepigwa na mama yake barabarani. Akavua glovu, akamkabidhi kipa wa akiba, akatoka mbele yangu.

Tulikaa jukwaani juu kabisa, mwavuli mmoja. Nilijaribu kumfunika zaidi upande wa bega, akausogeza mwavuli ukarudi kwangu. Chini kule kocha alikuwa anafundisha kwa mikono na kwa maneno yake mawili. Katika mvua ile kuwapigia wachezaji kelele “Maji!” hakukuwasaidia sana. Kipindi cha pili kipa wa akiba alikuwa amegandia kwenye mstari wa goli kama aliyefungwa kamba, kocha anamwita atoke, naye anadhani anaambiwa arudi nyuma. Anarudi nyuma.

“Huyo anatakiwa atoke,” Komeo akasema. Yalikuwa maneno yake ya kwanza. “Shuka ukamwambie.”

Nikamwambia nimefukuzwa. Akasema nimejifukuza mwenyewe, hakuna aliyenifukuza, na nishuke kabla hatujafungwa. Nikashuka. Kocha hakuniuliza kitu, alianza kusema tu, na mimi nikaanza kugeuza, nimelowa chapachapa. Sare. Nilipogeuka kumtafuta Komeo jukwaani, alikuwa ameondoka.

11 Mei

Jumapili. Hakuja kula. Sahani yake nimeiweka hivyohivyo.

12 Mei

Kocha amekuja nyumbani. Mume wangu alimkaribisha na kumwonyesha redio zote, akimweleza kwa Kiswahili, naye anaitikia kwa Kihispania, wameelewana vizuri kabisa bila mimi.

Halafu kocha akaweka kikombe chini, akasema ana lake. Tangu Machi alikuwa anaona bega. Alimwuliza Komeo kila wiki, wala mimi hakuniuliza hata mara moja mpaka siku ya mechi, kwa sababu alijua mimi ningesema, na yeye alikuwa anamhitaji kipa. Alitaka aambiwe ni zima. Akaniuliza hilo linaitwaje, maana kwa Kihispania amelitafuta tangu juzi na hajaridhika.

Nikamwambia kwa Kihispania sina, lakini sisi tunasema kujitia hamnazo. Mtu anajua, anajifanya hajui, na anajitahidi mwenyewe asijikumbushe. Akataka nirudie. Akaliandika kwenye kiganja. Alipokuwa anatoka nilimsikia njiani anajifunza: hamnazo, hamnazo.

Sasa ana maneno matatu.

14 Mei

Kocha amempeleka Komeo hospitali mwenyewe, nami nimefuata kugeuza. Daktari amesema angeanguka vibaya mara moja tu, mkono ule usingenyanyuka tena kuvuka sikio. Atapasuliwa wiki ijayo. Kudaka tena, labda. Daktari hakusema zaidi ya labda, na nilipogeuza kwa kocha niligeuza labda. Komeo alikuwa anatazama ukutani. Mimi hajanisemesha.

18 Mei

Jumapili. Sahani.

24 Mei

Tumepanda. Bao moja, la Cheche, dakika za mwisho, halafu uwanja ukageuka sherehe ya tope. Mtunza vifaa analia, mwenyekiti anakumbatia watu asiowajua.

Komeo alikuwa kwenye benchi, mkono umening'inizwa shingoni kwa kitambaa, mkono mwingine ameshika mwavuli wa kocha. Hakurukaruka. Ligi kuu aliyoingoja maisha yake imepita mbele yake ameketi, na nilijua nani aliyemketisha. Wenzake walimbeba juujuu wakimchunga bega, naye alicheka kidogo, kisha akaomba ashushwe.

Nilitaka kumfuata. Nikabaki kumsaidia mtunza vifaa kukusanya mipira.

25 Mei

Jumapili. Nilikuwa nimepanga sahani tatu kwa mazoea, na kwa ubishi. Mume wangu aliiona ya tatu akajitia hamnazo.

Komeo aliingia bila kubisha. Akasema shikamoo kwa mume wangu, kisha kwangu, akakaa mahali pake. Nikampakulia. Akala kwa mkono wa kushoto, vibaya, nusu ya chakula kinarudi sahanini, na hakuna aliyecheka. Mume wangu akamweleza kwamba redio imesema klabu itabaki naye mpaka apone. Nilijua redio haijasema kitu kama hicho, ni kocha aliyesema, jana, mbele ya benchi, tena mimi ndiye niliyegeuza. Nikaacha. Uongo mwingine ni wa mume.



“Linauma?” nikamwuliza.

Akainamisha macho, akatazama sahani.

“Linauma, Shangazi.”

Mara moja tu. Nikamwongezea mchuzi.